Viungo katika hati zenye misamiati mingi

Viungo katika hati zenye misamiati mingi ni suala la usanifu wa hati za kompyuta. Linahusu namna ya kuweka viungo, yaani sehemu za maandishi au picha zinazompeleka msomaji mahali pengine anapozibofya, ndani ya hati moja iliyoandikwa kwa lugha za alama zaidi ya moja. Mfano wa kawaida ni ukurasa wa wavuti ambao maandishi yake yako katika HTML, michoro yake katika SVG na fomula zake za hisabati katika MathML. Kila lugha kati ya hizo ina desturi yake ya kuandika kiungo, lakini programu inayosoma hati inapaswa kuvitambua viungo vyote.

Suala hili lilijadiliwa kwa miaka mingi katika W3C, muungano unaotunga viwango vya wavuti. Majibu mawili yaliyojulikana zaidi ni XLink, iliyotaka lugha zote zitumie sifa zilezile za kiungo, na HLink, iliyotaka kila lugha ibaki na sifa zake na kuzieleza katika orodha maalumu. Hakuna hata moja lililokubaliwa na wote. Katika vivinjari vya leo desturi iliyoshinda ni ile ya zamani ya HTML: sifa fupi iitwayo `href`. XLink nayo inaendelea kutumika katika hati za fedha, ofisi, ramani na majarida ya sayansi.

## Maana ya msamiati

Lugha ya alama huzungushia maandishi lebo zinazoeleza kila sehemu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni duara. Sehemu iliyozungushiwa lebo huitwa elementi, na maelezo ya ziada yanayoandikwa ndani ya lebo huitwa sifa. Msamiati ni jumla ya elementi na sifa zinazokubalika katika lugha fulani.

Misamiati miwili ikikutana katika hati moja, majina huweza kugongana. HTML ina elementi iitwayo `title`, ambayo ni jina la ukurasa mzima. SVG pia ina `title`, lakini hilo ni jina la mchoro au la kipande chake. Elementi `a`, `style` na `script` nazo zimo katika lugha zote mbili.

Msemaji wa Kiswahili analijua tatizo hili. Neno *paa* laweza kuwa paa la nyumba au paa wa porini. Tukisema "paa limevuja" au "paa amekimbia", kiambishi cha upatanisho kinaonyesha ni paa yupi. Katika XML kazi hiyo hufanywa na nafasi ya majina. Kila msamiati hupewa anwani yake ya pekee, na anwani hiyo yaweza kuwakilishwa na kiambishi awali kifupi. Kwa hiyo `svg:title` na `html:title` haziwezi kuchanganywa hata zikiwa katika hati moja.

Nafasi za majina hutatua mgongano wa majina tu. Hazisemi elementi fulani *inafanya* nini. Hapo ndipo tatizo la viungo linapoanzia.

## Tatizo lenyewe

Kivinjari hujua kwamba `<a href="mito.html">` ni kiungo kwa sababu waliokitengeneza walikifundisha HTML. Sasa tuseme mwalimu ametunga msamiati wake wa kuhifadhi mashairi, akaandika:

`<ubeti rejea="maelezo.xml">`

Binadamu anaweza kukisia kwamba `rejea` inaelekeza kwenye faili nyingine. Programu haiwezi. Kwake `rejea` ni sifa kama sifa nyingine yoyote, mfano `namba` au `mwaka`.

Ili kiungo kifanye kazi, programu inahitaji kujua mambo manne:

* kinaanzia wapi, yaani ni sehemu gani inayobofywa;
* kinaelekea wapi, yaani ni sifa gani yenye anwani;
* kinaamshwa lini, kwa mfano msomaji anapobofya au ukurasa unapofunguliwa;
* kikiamshwa kinafanya nini, kwa mfano kufungua ukurasa mwingine mahali pa huu wa sasa, kufungua dirisha jipya, au kuleta picha na kuipachika hapohapo.

Kiungo kisipotambulika, hasara yake si kwa anayebofya peke yake. Programu za kutafuta hugundua kurasa mpya kwa kufuata viungo, na kumbukumbu za wavuti huhifadhi kurasa kwa njia hiyohiyo, hivyo ukurasa ulioelekezewa na kiungo kisichotambulika unaweza kukosa kuhifadhiwa. Programu zinazowasomea wasioona nazo haziwezi kumwambia msikilizaji kwamba mahali fulani pana kiungo.

## Historia

### Kabla ya XML

Wazo la kuunganisha hati lilikuwapo kabla ya wavuti. Mwaka 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kubuni iitwayo Memex, ambayo ingemwezesha msomaji kuunganisha kurasa kwa njia anazozichagua mwenyewe. Neno la Kiingereza la matini yenye viungo lilitungwa na Ted Nelson katika miaka ya 1960.

Mwaka 1986 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa SGML, kanuni ya kutungia lugha za alama. Mwaka 1992 likafuata na HyTime, kiwango kilichojaribu kueleza kila aina ya kiungo kati ya hati za SGML, pamoja na sauti na picha zinazokwenda na wakati. HyTime kilikuwa kipana na kigumu, na watu wachache walikitekeleza kikamilifu.

Tim Berners-Lee, aliyependekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN karibu na Geneva, alichagua njia nyepesi. Kiungo cha HTML huenda upande mmoja tu, huandikwa ndani ya hati kinapoanzia, na hakihitaji ruhusa ya mwenye hati kinapoelekea. Kwa sababu hiyo kinaweza kukatika ukurasa wa mbele unapoondolewa, na kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kwa mtu yeyote kukiandika.

### XML na XLink

XML 1.0 ilitolewa kuwa pendekezo la W3C tarehe 10 Februari 1998, na kanuni za nafasi za majina zikafuata tarehe 14 Januari 1999. Tangu hapo mtu yeyote aliweza kutunga msamiati wake na kuuchanganya na wa wengine.

Jibu la W3C kuhusu viungo lilikuwa XLink 1.0, iliyotolewa tarehe 27 Juni 2001. Wahariri wake walikuwa Steve DeRose, Eve Maler na David Orchard. Wazo lake kuu ni kwamba kiungo kisitambuliwe kwa jina la elementi bali kwa sifa zenye nafasi yao wenyewe ya majina. Elementi yoyote ya msamiati wowote inakuwa kiungo ikibeba sifa hizo. Ule ubeti wetu ungeandikwa hivi:

`<ubeti xlink:type="simple" xlink:href="maelezo.xml">`

Programu inayoijua XLink sasa inaweza kukitambua kiungo hata kama haijawahi kukutana na elementi `ubeti`. Sifa `xlink:show` inaeleza kitakachotokea, kwa thamani kama `replace`, `new` na `embed`. Sifa `xlink:actuate` inaeleza wakati wake: `onRequest`, yaani msomaji anapotaka, au `onLoad`, yaani hati inapofunguliwa.

XLink ina aina mbili kuu za viungo. *Kiungo sahili* ni kama kile cha HTML: mwanzo mmoja na mwisho mmoja. *Kiungo kipana* huunganisha sehemu nyingi kwa pamoja, na chaweza kuandikwa katika faili ya pembeni bila kuzigusa hati zinazounganishwa. Faili yenye mkusanyiko wa viungo vya namna hiyo huitwa hazina ya viungo. Kwa mfano, mhariri anaweza kuunganisha beti za shairi na maelezo yake ingawa hana ruhusa ya kubadilisha faili ya shairi.

### Mabishano ya mwaka 2002

SVG 1.0, iliyotolewa Septemba 2001, iliikubali XLink: viungo vyake viliandikwa `xlink:href`. MathML 2.0 ya mwaka huohuo nayo ilielekeza kwenye XLink. Kikundi cha HTML ndani ya W3C, kilichokuwa kinaandaa XHTML 2.0, kilikataa. Sababu zake zilikuwa hizi:

* Elementi moja, viungo vingi. Elementi ya picha katika HTML huweza kuwa na `src` inayoleta picha yenyewe, `longdesc` inayoelekeza kwenye maelezo marefu, na `usemap` inayoelekeza kwenye ramani ya sehemu za kubofya. Kiungo sahili cha XLink kina nafasi ya `href` moja tu kwa kila elementi.
* Majina yaliyozoeleka. Waandishi wa HTML walikuwa na miaka kumi ya kuandika `href` na `src`. XLink iliwataka wabadilishe majina hayo. Rasimu za mwanzo za XLink zilikuwa na njia ya kusema "sifa yangu hii isomwe kama ile yenu", lakini njia hiyo iliondolewa kabla ya toleo la 2001.
* Urefu. Kiungo cha neno moja kilihitaji kiambishi awali, tangazo la nafasi ya majina na sifa mbili au zaidi.

Tarehe 13 Septemba 2002 kikundi hicho kilitoa rasimu ya HLink, iliyohaririwa na Steven Pemberton na Masayasu Ishikawa. HLink haikugusa hati zenyewe. Ilikuwa orodha ya maelezo: katika nafasi fulani ya majina, elementi fulani, sifa fulani ina anwani ya kiungo, na kiungo hicho huamshwa wakati fulani na kufanya jambo fulani. Kwa njia hiyo elementi moja iliweza kuelezwa kuwa na viungo vitatu, na `rejea` ya mwalimu wetu ingebaki ilivyo.

Baada ya siku chache tu Kikundi cha Usanifu wa Kiufundi cha W3C kilitoa maoni kwamba XLink ndiyo itumike kwa viungo katika lugha zinazokusudiwa kusomwa na watu kwenye skrini. Kikundi cha HTML hakikushawishika. HLink haikuendelea zaidi ya rasimu, na XHTML 2.0 haikuchukua XLink. Mwaka 2004 hati ya W3C ya usanifu wa wavuti ilisema kwa upole kwamba XLink ni kiwango kinachofaa kwa viungo vya XML.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Waliotetea XLink walitazama programu isiyoujua msamiati: ikute hati ngeni na bado ione viungo vyake. Waliotetea HLink walimtazama mwandishi: asilazimishwe kuandika kwa namna ngumu ili kuirahisishia programu kazi. Lakini orodha ya HLink lazima ipatikane kabla viungo havijatambulika, na mtandao ukikatika au orodha ikipotea, hati inabaki bubu.

### Baada ya mabishano

Juni 2004 W3C iliitisha warsha San Jose, Marekani, kuhusu programu za wavuti na hati mchanganyiko. Mozilla na Opera zilipendekeza HTML iendelezwe kwa namna ambayo kurasa za zamani zingeendelea kufanya kazi. Pendekezo lao halikupata kura za kutosha, na siku chache baadaye watu wa Mozilla, Opera na Apple walianzisha kikundi chao, WHATWG. Kazi yao ndiyo iliyozaa HTML5. W3C ilitangaza mwaka 2009 kwamba kazi ya XHTML 2.0 ingesimama.

Katika HTML5, iliyokuwa pendekezo la W3C Oktoba 2014, SVG na MathML huandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa bila kutangaza nafasi za majina. Kivinjari chenyewe huzipanga elementi mahali pake. Sifa `xlink:href` hutambuliwa humo kwa kanuni maalumu. Misamiati mingine haina nafasi hiyo.

Watunga viwango vingine nao walirudi kwenye njia fupi. XLink 1.1 ya Mei 2010 iliruhusu kiungo sahili kiandikwe kwa `xlink:href` peke yake, bila kutaja aina. MathML 3.0 ya Oktoba 2010 iliweka `href` ya kawaida, ingawa vivinjari havikuitekeleza kwa usawa. SVG 2 inatumia `href` bila kiambishi. `Xlink:href` inasomwa bado kwa ajili ya michoro ya zamani, na zikiwapo zote mbili katika elementi moja, `href` ndiyo inayofuatwa.

## Mambo ya kuzingatia katika usanifu

Vitambulisho. Kiungo kinachoelekea sehemu ya ndani ya hati hutumia alama `#` na kitambulisho cha sehemu hiyo, mfano `#ziwa`. Kitambulisho hakipaswi kurudiwa katika hati nzima, hata kama kimo katika misamiati tofauti. Mchoro mmoja wa SVG ukinakiliwa mara mbili ndani ya ukurasa wa HTML, vitambulisho vyake hurudiwa, na kiungo huenda kwa cha kwanza. Matokeo yake huwa ya kushangaza: mchoro wa pili unachukua rangi za ule wa kwanza. Mwaka 2005 W3C ilitoa `xml:id`, sifa moja ya kitambulisho kwa misamiati yote ya XML.

Anwani ya msingi. Anwani fupi kama `mito.html` husomwa kwa kulinganishwa na mahali hati ilipo. Kipande cha hati kikihamishiwa ndani ya hati nyingine, anwani zake fupi zinaweza kuelekea mahali pasipo. Mtunzi aandike anwani kamili au azirekebishe wakati wa kuchanganya.

Kiungo ndani ya kiungo. HTML hairuhusu `a` ndani ya `a`. Ni rahisi kuikosea kanuni hii mchoro wenye viungo vyake unapowekwa ndani ya kiungo cha maandishi, kwa sababu kila msamiati peke yake unaonekana sahihi.

Wasioona na wasiotumia kipanya. Kiungo kilicho juu ya duara la ramani hakina maneno. Kikipewa `title` ya SVG, programu ya kusoma kwa sauti inaweza kusema "Ziwa Tanganyika" badala ya kusema "kiungo" tu. Kiungo kifikike pia kwa kibodi.

Usalama. Tovuti zinazopokea hati kutoka kwa watu huchuja viungo vyenye programu za hila. Mchujo unaokagua `href` ya HTML na kusahau `xlink:href` ya SVG huacha mlango wazi. Kadiri misamiati inavyoongezeka, ndivyo milango inavyoongezeka.

## Matumizi

Nje ya vivinjari, XLink ilipata makao ya kudumu. XBRL, lugha ya taarifa za fedha za makampuni, hutumia viungo vipana na hazina za viungo: dhana moja, kama faida ya mwaka, huunganishwa na majina yake katika lugha mbalimbali, na hesabu inayoizaa, na sheria inayoidai. OpenDocument, muundo wa hati za LibreOffice, huandika viungo kwa `xlink:href`. Ndivyo zilivyo pia GML ya data za ramani, DocBook 5 ya vitabu vya kiufundi na JATS ya makala za majarida ya sayansi.

Mfano ulio karibu na Afrika ya Mashariki ni Akoma Ntoso, msamiati wa XML wa hati za bunge, sheria na mahakama. Ulianzishwa chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, na ukawa kiwango cha shirika la OASIS mwaka 2018. Jina lake limetoka katika lugha ya Kiakan ya Afrika ya Magharibi na lina maana ya mioyo iliyounganishwa. Mpango huohuo ulitoa programu ya bunge iliyopewa jina la Kiswahili, Bungeni.

Akoma Ntoso haikuchukua XLink. Rejea ya sheria huandikwa kwa elementi `ref` yenye sifa `href`, na vitu vya misamiati mingine, kama fomula za MathML, huwekwa ndani ya elementi maalumu ya vitu vya kigeni. Nguvu yake iko katika anwani. Sheria ya Uchaguzi ya Kenya, namba 24 ya mwaka 2011, hutajwa kwa `/akn/ke/act/2011/24`, yaani nchi, aina, mwaka na namba. Anwani hiyo haitaji seva wala faili, bali sheria yenyewe. Toleo la lugha au tarehe fulani huongezwa mbele yake, na kifungu hutajwa kwa kitambulisho chake. Kwa hiyo tovuti ikihama, rejea haipotezi maana. Anwani za muundo huu zinaonekana katika tovuti za sheria za Kenya (Kenya Law), Tanzania (TanzLII) na Uganda (ULII).

## Kanuni zilizobaki

Kutokana na uzoefu huo, mtu anayetunga msamiati wa kuchanganywa na mingine hushauriwa:

* kutumia `href` kwa kiungo cha kawaida badala ya kubuni jina jipya;
* kutumia XLink pale panapohitajika viungo vya pande nyingi au vinavyokaa nje ya hati;
* kueleza katika kanuni za msamiati ni sifa zipi zina anwani, ili programu za kuhifadhi na kuchuja zisizikose;
* kutenganisha anwani ya kiungo na tabia yake, kwa kuwa hati ileile yaweza kusomwa kwenye skrini, kwa sauti au kwenye karatasi;
* kuchagua anwani zitakazodumu kuliko seva.

## Tazama pia

* HTML
* XML
* SVG
* MathML
* Akoma Ntoso
* Tim Berners-Lee